Mwongozo kamili wa kusikiliza mapafu, kuanzia kuvaa stetoskopu mpaka kuandika kwenye faili

Wadau, hasa nyie mnaoanza kuzunguka wodini, matabibu, manesi, maintern, na hata wale mnaopenda tu kujua daktari anasikia nini akikubandika kile chuma cha baridi mgongoni, huu uzi ni wenu. Tatizo ninaloliona kila siku ni lile lile, mtu anagusisha stetoskopu sehemu mbili, anasikia "kitu", alafu anaruka moja kwa moja kwenye jina la ugonjwa, nimonia hiyo, pumu hiyo. Ukimuuliza umeisikia kwenye kuvuta au kutoa, upande gani, akikohoa inabaki au inaondoka, anaanza kuangalia dari. Ieleze sauti kwanza ilivyo, ugonjwa utaujua baadae ukishaunganisha na historia, joto, oksijeni na mengine.

Kidogo historia alafu tuendelee. Mwaka 1816 pale hospitali ya Necker, Paris, daktari René Laennec alipata mgonjwa wa kike ambaye kumwekea sikio kifuani moja kwa moja kama ilivyokua desturi ilikua haifai, akakunja karatasi ikawa bomba, akashangaa moyo unasikika vizuri kuliko akiweka sikio lenyewe. Akatengeneza bomba la mbao, akasikiliza wagonjwa wengi sana, na waliofariki akafuata maiti zao kuona mapafu yalikuaje ndani, ndo maana kitabu chake cha 1819 kilikua na nguvu, kila sauti aliifungamanisha na kilichoonekana kwa macho. TB ikamuua mwaka 1826 akiwa na miaka 45. Baada yake majina yakavurugika vibaya, kila nchi na kila profesa na yake, mpaka mwaka 1957 madaktari wawili Waingereza, Robertson na Coope, wakasema jamani tugawe tu sauti za ziada mafungu mawili, zinazoendelea na zinazokatika katika. Miaka ya 70 Wamarekani wakaweka majina rasmi juu ya wazo hilo, na mwaka 2016 chama cha madaktari wa mapafu cha Ulaya kikatoa utaratibu wake. Tunachofundisha sa hivi kinatoka humo.

KIFAA NA MAANDALIZI

Vile vya masikioni vielekee mbele, upande wa pua, kwasababu tundu la sikio lenyewe limeelekea mbele. Nimeona watu wanavaa kinyume mwaka mzima wanalalamika stetoskopu mbovu. Kichwa kama kina pande mbili, upande mpana wenye plastiki nyembamba ni diaframu na ule mdogo wenye shimo ni kengele, kuna unaofunguka na unaofunga kwa kuzungusha, kwahiyo gonga taratibu kwa kidole ujue upi uko wazi kabla hujamgusa mtu. Kwa mapafu tunatumia diaframu na unaikandamiza kisawasawa, ukiitoa iache ka-alama ka duara kwenye ngozi. Ila mgonjwa aliyekonda mpaka mbavu zimetokeza, diaframu inakalia mbavu mbili na katikati panabaki uwazi, hapo tumia kengele au ile diaframu ndogo ya watoto. Alafu futa na spiriti kila unapotoka kwa mgonjwa mmoja kwenda mwingine, tafadhali.

Nguo zitoke. Najua OPD (kwa wagonjwa wa nje) imejaa na foleni iko mpaka nje, ila kusikiliza juu ya shati au sidiria unasikia kitambaa, na kitambaa kikisuguana kinatoa sauti ambayo utaapa ni krepitesheni, yaani vile vimlio vya kupasuka vya mapafu. Funga pazia, muombe ruhusa, mfunike sehemu ambayo huisikilizi. Nywele za kifuani nazo zinadanganya vilevile, zilowanishe kidogo na maji au kandamiza zaidi. Mgonjwa anayetetemeka kwa homa, misuli inatoa mngurumo wa chini. Zima feni na TV ya wodi kama inawezekana.

Mkalishe wima. Mwambie "Mama, naomba ukae hivi, jikumbatie mabega, mkono wa kulia ushike bega la kushoto", mifupa ya bega itasogea pembeni na utapata nafasi kubwa ya mgongo. Kisha "fungua mdomo, vuta pumzi ndefu, toa taratibu, usipige kelele na koo". Mwonyeshe wewe mwenyewe, maana wengi ukiwaambia vuta pumzi wanavuta kwa pua au wanaibana pumzi wanakusubiri. Ukisikia kelele kubwa kila mahali, mara nyingi ni koo lake anavyojitahidi kukufurahisha. Na usimkimbize, pumzi ndefu za harakaharaka zinaleta kizunguzungu, mpe apumzike katikati. Asiyeweza kukaa, mgeuze ubavu mmoja usikilize alafu mwingine, na ukumbuke kuandika kwamba alikua amelala.

KABLA HUJAWEKA STETOSKOPU

Simama muangalie dakika moja nzima. Hesabu pumzi sekunde 60 kamili, sio 15 mara nne, hasa mtoto maana pumzi za mtoto hazina mpangilio. Kwa vigezo vya WHO, chini ya miezi miwili pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni haraka, miezi 2 mpaka 11 ni 50 au zaidi, mwaka 1 mpaka chini ya miaka 5 ni 40 au zaidi. Angalia kama kifua cha chini kinabonyea ndani anapovuta, pua zinatanuka, anashindwa kumaliza sentensi, upande mmoja wa kifua umebaki nyuma. Bila kifaa chochote unaweza kusikia mluzi kutoka mlangoni. Huu muda ndo unakuambia mgonjwa ni wa kumsikiliza kwa utulivu au ni wa kumpa oksijeni kwanza maneno baadae.

WAPI UNAWEKA

Hapa watu wanakosa sana. Mgongoni sehemu kubwa unayoisikia ni vipande vya chini vya mapafu, mbele sehemu kubwa ni vipande vya juu, na kile kipande cha katikati cha pafu la kulia kiko mbele upande wa kulia chini ya usawa wa titi na kinazunguka mpaka chini ya kwapa. Maana yake ukisikiliza mgongoni tu ukaenda zako, nimonia ya kipande cha katikati umeikosa kabisa.

Anza mgongoni juu, kulia, alafu sehemu hiyohiyo kushoto, shuka vidole kadhaa, kushoto, kulia, unashuka hivyo hivyo mpaka chini karibu na mbavu za mwisho. Usishuke upande mmoja wote ndo uhamie wa pili, ukifika huko sauti ya kule umeshaisahau. Kisha kwapa zote mbili, kisha mbele kuanzia juu ya mfupa wa mtulinga, maana kilele cha pafu kinapanda sentimita 2 mpaka 3 juu ya huo mfupa, na TB inapenda sana vipande vya juu. Kila sehemu sikiliza pumzi nzima, kuingia na kutoka. Ukihisi kitu, kaa hapo pumzi mbili tatu zaidi.

SWALI LA KWANZA: HEWA INAINGIA?

Kabla hujatafuta sauti za ajabu jiulize sauti ya kawaida ipo, na iko sawa pande zote? Pafu lenye afya lina sauti laini, ya chini, unaisikia muda wote wa kuvuta na mwanzo tu wa kutoa, alafu inapotea. Hiyo tunaiita vesikula. Sasa weka stetoskopu kwenye koo lako mwenyewe mbele, vuta pumzi. Umesikia ilivyo kubwa, ya ukali, kutoa ni kurefu kama kuvuta au zaidi, na katikati kuna kanafasi ka kimya? Hiyo ndo familia ya sauti ya bronkia, yaani ya njia kubwa za hewa, na kwenye koo ni halali kabisa. Ukiikuta chini mgongoni, hapo kuna jambo. Pafu lenye hewa linachuja sauti za juu zisifike ukutani, likijaa usaha na majimaji kama kwenye nimonia linageuka kitu kigumu na sauti ya njia kubwa inapita moja kwa moja mpaka kwenye sikio lako. Juu kabisa upande wa kulia inaweza kuwa kali kidogo kuliko kushoto kwa mtu mzima wa afya, bomba kuu la hewa (trakea) liko karibu na huko, usimwandikie dawa kwa hilo.

Sauti ikipungua au ikikosekana upande mmoja, orodha ni fupi: maji nje ya pafu, hewa nje ya pafu, njia ya hewa imeziba pafu likasinyaa. Hapa vidole vinasaidia kuliko masikio. Gonga kwa kidole juu ya kidole, ukipata mdundo mzito kabisa kama unagonga ukuta, fikiria maji, ukipata mlio wa wazi kupita kiasi fikiria hewa. Hewa nje ya pafu alafu presha inashuka, trakea imesukumwa kwenda upande mwingine, mgonjwa anahangaika, usisubiri eksirei, huyo anatobolewa kifua kwanza kutoa hewa. Na kwa walio ICU, mgonjwa aliyewekewa mpira wa kupumulia alafu kushoto kukawa kimya, mara nyingi mpira umezama sana umeingia njia ya kulia, angalia alama ya sentimita mdomoni.

Kimya cha pande zote mbili kwa mgonjwa wa pumu ni hatari kuliko mluzi. Mluzi unahitaji hewa ipite ndo utokee. Mgonjwa alikua anapiga mluzi, ukarudi ukakuta kifua kimetulia, ila amechoka, anajibu neno moja moja, oksijeni iko chini, hajapona huyo, hewa haipiti tena. Mluzi ukirudi baada ya nebulaiza (ile mashine ya kuvuta dawa kama mvuke), hapo ndo upumue na wewe.

SWALI LA PILI: KUNA SAUTI YA ZIADA?

Kama ipo, uliza inaendelea au inakatika katika.

Zinazokatika ni krepitesheni, vile vimlio vifupi vifupi vya kupasuka, na ziko aina mbili. Za nyembamba zina mlio wa juu, fupi sana, kila mlio kama milisekunde 5 hivi, zinakuja mwishoni mwa kuvuta na kukohoa hakuziondoi. Zinatokea pale vinjia vidogo vilivyojifunga wakati wa kutoa pumzi vinapofunguka ghafla. Kuzijua, chukua nywele karibu na sikio uzisugue kwa vidole, au fungua taratibu ile velkro ya mashine ya presha karibu na sikio. Ukizisikia chini pande zote mbili, fikiria moyo kushindwa kazi au makovu ya mapafu, yale ya makovu ndo yanafanana na velkro kabisa. Zikiwa sehemu moja tu na mgonjwa ana homa na kichomi, nimonia inapanda kwenye orodha. Aliyelala muda mrefu anaweza kuwa nazo chini kwa sababu tu hajavuta pumzi ndefu, mwambie avute mara tano sita usikilize tena, zikiondoka achana nazo.

Za nene zina mlio wa chini zaidi, ndefu kidogo, kama milisekunde 15, zinaanza mapema kwenye kuvuta na zinaweza kuwepo kwenye kutoa pia, unasikia kabisa majimaji yanachezea hewa. Hizi zinabadilika akikohoa. Mgonjwa wa makohozi mengi ya miaka, aliyewahi kuugua TB njia zikatanuka na kuharibika, anazo nyingi. Kwahiyo sheria yangu, ukisikia krepitesheni yoyote mwambie mgonjwa "kohoa kwa nguvu mara mbili" alafu sikiliza palepale. Inachukua sekunde kumi na inakuokoa na mabishano mengi.

Zinazoendelea ni mluzi na ronkai. Mluzi ni wa juu, wa kimuziki, mara nyingi kwenye kutoa, unatokana na kuta za njia iliyobanwa kutikisika hewa inapopita. Swali la maana hapa ni noti ngapi. Milio mingi tofauti kwa pamoja, kifua chote, kushoto kulia, hiyo ni njia nyingi zimebana, pumu au COPD, ule ugonjwa sugu wa njia za hewa kubana, wa wavutaji sigara na waliopikia kuni miaka yote jikoni kusiko na dirisha. Mlio mmoja ule ule, sehemu ile ile, hauondoki kwa kikohozi wala nebulaiza, hiyo ni njia moja kubwa imebanwa na kitu. Kwa mtoto aliyekua anacheza na karanga au mahindi alafu akapaliwa, ni hicho hicho kimenasa mpaka ithibitike vingine. Kwa mzee mvutaji sigara fikiria uvimbe. Usimrudishe nyumbani na dawa ya pumu tena na tena. Ronkai ni ya chini, kama mkoromo, maeneo ya 150 Hz, mara nyingi makohozi kwenye njia kubwa, mwambie akohoe utaona inapotea au inahama.

Mbili za mwisho. Strida, sauti ya njia ya juu ya hewa iliyobanwa, ni kali, kwenye kuvuta, na iko kubwa zaidi shingoni kuliko kifuani, kwahiyo ukisikia "mluzi" wa kuvuta peleka stetoskopu shingoni ulinganishe. Strida kwa mtoto aliyetulia ni dharura, na kama anatoa udende, ana homa na hataki kulala chali, usimtie kijiti mdomoni kuchungulia koo, muache mikononi kwa mama yake, mpe oksijeni, ita mtu wa kuhudumia njia ya hewa. Msuguano wa pleura, ule utando unaofunika mapafu, ni mkwaruzo unaosikika kuvuta na kutoa, karibu sana na sikio, sehemu ndogo, mara nyingi palepale anapoonyesha panachoma. Kikohozi hakiubadilishi. Ukiwa na wasiwasi ni wa pleura au wa gamba la moyo, mwambie abane pumzi, wa moyo utaendelea.

SAUTI YA MGONJWA MWENYEWE

Ukipata sehemu yenye mashaka mwambie aseme "tisini na tisa" huku unasikiliza. Kwenye pafu la kawaida maneno yanafika yamefifia, hayaeleweki, kwenye pafu lililojaa yanafika wazi. Anong'one "moja mbili tatu", ukisikia herufi kwa herufi, pafu hapo limekua gumu. Kwenye maji nje ya pafu, sauti inapungua au inapotea. Hiki kipimo hakina gharama na watu wamekiacha, sijui kwanini.

WATOTO

Mtoto msikilize kabla ya kumfanyia kitu kingine chochote, kabla ya kipima joto, kabla ya kuangalia masikio, akishalia umepoteza. Akae mapajani kwa mama, pasha diaframu kwenye kiganja, anza mgongoni asione mkono wako unakuja. Akilia, usikate tamaa, kati ya kilio na kilio lazima avute pumzi ndefu moja, isubiri hiyo. Mama akikwambia "kifua kinakoroma" mwombe aigize, mara nyingi anaigiza pua iliyoziba. Weka stetoskopu karibu na pua ya mtoto, ukisikia mkoromo uleule uliokua nao kifuani na huku ni mkubwa zaidi, hiyo imetoka juu. Safisha pua kwa matone ya maji ya chumvi urudie.

MASIKIO YANA MWISHO

Kifua kinachosikika safi hakiondoi TB, wala uvimbe, wala damu iliyoganda kwenye mshipa wa mapafu. Mtu ana kikohozi wiki mbili na anapungua uzito, toa makohozi yaende GeneXpert, kile kipimo cha TB, hata kama husikii kitu. Madaktari wawili wazoefu wakisikiliza mgonjwa mmoja wanaweza kupishana pia, hasa kwenye krepitesheni nyembamba. Ndo maana watu wanarekodi sasa na kufundisha kompyuta, kuna mkusanyiko wa wazi wa mwaka 2017 wenye rekodi 920 kutoka kwa wagonjwa 126, ukiweza uupakue uweke earphone ujipime, ni mazoezi mazuri kuliko kusoma maelezo kama haya yangu.

KUANDIKA

Acha kuandika "kifua safi" kwa mgonjwa ambaye hujamvua nguo. Andika kwa mpangilio: mgonjwa alivyokaa, hewa inaingiaje pande zote, sauti ya ziada aina gani, iko wapi, kwenye kuvuta au kutoa, baada ya kikohozi ikawaje. Mfano: "Amekaa, pumzi 32 kwa dakika, oksijeni 91% bila msaada. Hewa imepungua chini kulia mgongoni, hapo kuna sauti ya bronkia na krepitesheni nyembamba mwishoni mwa kuvuta, hazibadiliki akikohoa, tisini na tisa inasikika wazi. Kushoto kawaida. Hakuna mluzi." Weka na saa, maana wa zamu ya usiku atakayesikiliza tena saa nane anahitaji kujua wewe ulisikia nini saa ngapi, kabla au baada ya nebulaiza.